Iyafoni ilikuwa nzima: kisa cha kijana wa kisiagi na MP3 yake

Niko na kibanda cha kutengeneza simu na redio hapa Kisumu, upande wa Kondele, huu ni mwaka wa kumi na tatu, na pia nawekea watu nyimbo kwa memori kadi. Hiki kisa nimeamua kukiandika chote vile kilienda, na makosa yangu ndani yake, juu nimekihadithia watu kadhaa na kila mtu akisikia anatoa simu yake anaangalia volumu iko wapi. Kijana mwenyewe amekubali niandike bora nisimtaje jina. Ana miaka 22, anafanya kazi kwa kisiagi cha posho huko Manyatta, anasagia watu mahindi, wimbi na mtama kuanzia asubuhi hadi jioni, siku sita kwa wiki.

Alikuja mwezi wa pili ameshika iyafoni zile za kuingia ndani ya sikio, akasema fundi, huu upande wa kushoto unaenda ukifa. Iyafoni za bei ya chini kufa upande mmoja ni mambo ya kila siku, waya hukatika kwa ndani pale karibu na pini, kwa hivyo hata sikuangalia sana, nikamuuzia zingine. Wiki mbili baadaye amerudi, upande ule ule. Nikambadilishia bila kumlipisha. Mara ya tatu akaja amekasirika, na mbele ya wateja akaniambia, "Fundi, mimi nimekuheshimu kama brathe mkubwa lakini unaniuzia vitu feki." Hiyo iliniuma, kwa hii kazi jina ndio mtaji.

Nikachukua zile iyafoni nikazifuta, nikavaa mimi mwenyewe, nikasikiliza wimbo dakika nzima. Pande zote sawa kabisa. Nikamwambia omera, hebu geuza, ile ya kushoto weka kulia na ya kulia weka kushoto. Akageuza, nikacheza wimbo ule ule. Akasikiliza, akanitazama, akasema bado ni kushoto. Nikampa hedifoni yangu ya kazi, zile kubwa za kufunika sikio lote, akavaa, akafunga macho. "Bado ni kushoto." Akazitoa polepole akaziweka kwa meza, hasira yote imeisha, akakaa kwa benchi kimya, na mimi pia nikakosa la kumwambia, juu tulikuwa tumeelewa wote wawili wakati mmoja kwamba kile kimeharibika sina spea yake.

Sasa kwa nini kushoto? Hapo ndio nilianza kuuliza maswali ambayo ningepaswa kuuliza siku ya kwanza. Akanieleza vile anafanyanga. Simu haitumii kazini juu ya vumbi la unga, anatumia MP3 ndogo, zile za kubana kwa kola ukubwa wa kiberiti, na kwa sababu lazima asikie mteja na mdosi akiita, anaweka iyafoni moja tu, ya kushoto, ya kulia inaning'inia kifuani. Mashine ikiwaka anapandisha volumu hadi mwisho, 30 kwa 30, na inakaa hapo hadi jioni. Miaka mitatu. Na kuna jambo watu wengi hawajui, ukisikiliza kwa sikio moja unahitaji sauti juu kuliko ukisikiliza kwa yote mawili, juu masikio mawili yakifanya kazi pamoja ubongo unasikia wimbo ni mkubwa zaidi. Kwa hivyo lile sikio moja lilikuwa linabebeshwa mzigo wa mawili, juu ya kelele ya mashine.

Dalili zilikuwepo, na akizitaja utashangaa aliwezaje kuzipita. Mwaka wa kwanza akitoka kazini masikio yanakuwa kama yamewekwa pamba, asubuhi yamefunguka, akasema ni uchovu. Baadaye usiku kukiwa kimya anasikia mlio kama nyenje, ndani ya kichwa, hauishi. Alafu ikaja ile ya kuchanganya namba. Mama mmoja kasema gorogoro sita (gorogoro ni ule mkebe wa kupimia nafaka), yeye kasikia tisa, wakazozana mbele ya foleni. Mamake akimpigia simu anarudia rudia maneno hadi anakata. Sita na tisa zinatofautishwa na mahali "s" na "t" zimekaa, na hizo ni sauti nyembamba za juu, ndizo sikio lililoumizwa na kelele hupoteza mapema. Sauti nzito, besi, ngoma, bado anasikia vizuri, ndio maana mtu hajioni kiziwi, anaona watu ndio wanabwabwaja.

Mimi ni fundi wa waya, si daktari, na hapo sikujaribu kuwa daktari. Nilimwambia aende hospitali kwanza, juu sikio moja kupungua kunaweza kuwa nta imeziba, inaweza kuwa usaha, inaweza kuwa kitu kingine kibaya zaidi, na kelele kwa kawaida huumiza masikio yote mawili, kwa hivyo tofauti kubwa ya upande mmoja lazima mtu aliyesomea aiangalie. (Na ukiamka siku moja sikio limezima ghafla usingoje wiki, nenda siku hiyo hiyo, kuna dawa ambazo zinasaidia zikianzishwa mapema tu.) Akaenda kwa hospitali moja hapa mjini, wakaangalia hakuna nta, ngoma ya sikio iko sawa, wakampima kwa chumba cha kimya kwa kumchezea milio midogo midogo. Karatasi akaniletea. Kipimo cha desibeli 20 kushuka chini ndio sikio zuri (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), namba ikipanda ni sikio linahitaji sauti kubwa zaidi ndio lisikie. Kulia kwake alikuwa karibu na 25 kwa sauti nyembamba, inaanza kuteleza. Kushoto mstari unaenda vizuri kwa sauti nzito, ukifika 4000 Hz (Hz ni kipimo cha wembamba wa sauti) unaporomoka hadi 50, alafu kwa 8000 unapanda kidogo. Lile shimo la 4000, daktari alimwambia, ndio alama ambayo kelele huacha.

Na haliponi. Ndani ya sikio kuna kitu kimejikunja kama konokono, na humo kuna chembe zenye vinywele, kama elfu kumi na tano hivi kwa kila sikio, ndizo hugeuza mtikisiko kuwa habari ya kwenda kwa ubongo. Kuku akipoteza zake zinamea tena, wanasayansi wameliona hilo. Za binadamu hazimei. Ulizozaliwa nazo ndizo hizo.

Sasa nije kwa limiti ya volumu, juu hapo ndio nilikosea.

Nilijua kidogo kuhusu hizi sheria kwa sababu ya kazi. Ufaransa ilianza mapema, miaka ya 90 ilishaweka kwamba kifaa cha kusikiliza muziki cha kubeba kisipite desibeli 100. Ulaya nzima ikafuata, na tangu 2013 vifaa vipya vinavyouzwa huko vinatoka kiwandani vikiwa vimewekwa 85, ukitaka unaweza kupandisha mwenyewe lakini mwisho ni 100, na kila baada ya masaa 20 ya kusikiliza juu ya ile 85 kifaa kinakukumbusha tena. Ile onyo unaonanga kwa simu ukipandisha volumu na iyafoni, unabonyeza sawa bila kusoma, ndio hiyo. iPod, ile ya Apple ya kuchezea muziki, pia 2006 iliwekewa setingi ya mzazi kufunga volumu kwa namba ya siri. Lakini hii MP3 ya kijana haikuwa na onyo, haikuwa na setingi, haikuwa na chochote, ni batani ya juu na ya chini.

Kwa hivyo nikafanya kile kilionekana rahisi. Nikamwambia weka hiyo MP3 kando, tumia simu. Alikuwa na Samsung ndogo, nikaingia kwa setingi za sauti, upande wa volumu, pale kuna limiti ya midia, nikaishusha hadi kama asilimia 60, nikafunga kwa PIN nikaishika mimi. Simu nikaivalisha plastiki ya kuzuia unga. Nikajiona nimemaliza kazi.

Siku ya nne nikapita Manyatta na shughuli zangu nikamkuta na ile MP3 kwa kola, sikio lile lile. Hakudanganya. Akasema, "Fundi, nilikuwa sisikii kitu. Ni kama hakuna wimbo." Na nikasimama hapo ndani ya kisiagi, mashine ikinguruma, nikavaa iyafoni ya simu na limiti yangu, na kweli nilisikia ngoma kidogo tu na maneno hakuna. Pale ndio niliona ujinga wa hesabu yangu. Nilikuwa nimefunga volumu ya mtu ambaye mkono wake unasukumwa na kelele ya nje. Mtu hapandishi volumu kwa kupenda uharibifu, anapandisha hadi wimbo upite kelele, na kelele ikiwa kubwa, limiti yoyote iliyo salama itakuwa chini yake, na mtu ataizunguka, kwa simu nyingine, kwa redio ya memori, kwa chochote. Ni vile vile kwa matatu na tuktuk, asilimia 50 ya kitandani inakuwa 90 ukifika barabarani na wewe hata hujui umebonyeza.

Nikatoa simu yangu nikawasha programu ya kupima kelele. Maiki ya simu si kipimo cha kuapia mahakamani, lakini ilikuwa ikicheza kati ya 91 na 95 mahali anasimama. Nikaomba kuongea na mdosi wake, tukakaa kwa kivuli nje, na nikamfanyia hesabu kwa kipande cha karatasi ya unga, nayo ni hii.

WHO, shirika la afya duniani, na ITU, lile la mawasiliano, walitoa kanuni ya vifaa vya muziki, inahesabu sikio kwa wiki kama pesa ya matumizi. Mtu mzima, desibeli 80 kwa masaa 40. Mtoto, 75 kwa masaa 40. Na kila ukipanda desibeli 3 muda unakatwa nusu. Kwa hivyo 85 ni masaa kumi na mbili na nusu kwa wiki, 90 ni masaa manne, 95 ni saa moja na robo, 100 ni dakika kama 20, kwa wiki nzima. Sasa weka mashine kwa 92 au 93 hivi, masaa matano ya kusaga kwa siku. Jumatatu kabla ya saa sita mchana kijana amemaliza pesa yote ya wiki, na hajacheza hata wimbo mmoja. Sheria za kazi za Kenya za mwaka wa 2005 kuhusu kelele zimelegea kuliko hapo, zinasema mfanyakazi asipite 90 kwa masaa nane kwa siku, lakini hata hizo zinasema kelele ikipita 85 mwenye kazi awe na mpango wa kulinda masikio. Mdosi hakuwa mtu mbaya, nasema hivi kwa haki. Alishtuka. Yeye mwenyewe ameendesha mashine hiyo miaka mingi na mkewe analalamika juu ya volumu ya TV.

Juu ya hiyo weka MP3. Kwa boksi lake iliandikwa inatoa miliwati 5 kila upande, hiyo ni nguvu ya umeme, na iyafoni zimeandikwa 103, hiyo ni desibeli za sauti zinazotoa kwa miliwati moja. Miliwati 5 zinaongeza 7, tunafika 110. Wimbo hauko kileleni kila sekunde, toa kama 10, tunabaki karibu 100. Maandishi ya boksi za bei ya chini siyaamini yote, lakini hata nikikosea kwa 5 chini bado ni saa moja na robo kwa wiki, na yeye alikuwa anakula hiyo kabla ya chai ya saa nne.

Na hapa nataja mkono wangu. Zile nyimbo kwa memori kadi yake, rumba, ohangla, injili, niliziweka mimi. Vijana wanapenda nyimbo ziwe na nguvu, na nyimbo zinakuja zimechanganyika, moja juu moja chini, kwa hivyo nilikuwa nazipitisha kwa MP3Gain, programu ambayo inasawazisha. Yenyewe ukiifungua inalenga 89. Mimi nilikuwa nimeipandisha hadi 98 ili mteja akifika nyumbani aseme kwa yule fundi kuna ngoma. Hiyo 89 si desibeli za kwa sikio, ni kiwango cha faili, lakini tofauti inaenda moja kwa moja hadi kwa sikio. Desibeli 9 ni kukatwa nusu mara tatu. Kijana, na kila mtu niliyemwekea nyimbo kwa miaka hiyo yote, nilimpunguzia muda wake salama mara nane bila yeye kugusa batani. Nilimwambia hivyo uso kwa uso. Alinyamaza kidogo akasema, "Si hukujua." Sikujua, lakini nilikuwa na nafasi ya kujua.

Sasa kile tulifanya. Cha kwanza, kazini hakuna muziki tena, na hilo halikutoka kwangu, alilisema yeye baada ya kuona hesabu ya mashine peke yake. Akachukua zile kinga za masikio kubwa kama hedifoni, za hadiwea, bei yake haifiki elfu moja, mdosi akalipa. Tulijaribu kwanza vile vizibo vya sponji na havikumfaa. Hivyo unavibinya viwe vyembamba, unavuta sikio juu na nyuma kwa mkono wa pili, unaingiza, unashika hadi kivimbe, na mtu mwenye mikono ya unga akivitoa mara ishirini kwa siku atakuwa anajaza uchafu ndani. Kinga kubwa anainua, anasikia mteja, anarudisha. Na wamebuni kitu kizuri pale, mteja anaonyesha gorogoro kwa vidole, kwa hivyo ile vita ya sita na tisa imeisha kwa watu wote, hata wenye masikio mazima.

Cha pili, ile MP3. Hakutaka kuiacha na sikuona sababu, muziki ndio unampumzisha jioni. Haina setingi ya limiti, basi limiti nikaiweka kwa waya. Iyafoni zake ni za ohm 16, ohm ni kipimo cha vile kitu kinazuia umeme. Nikakata waya karibu na pini, nikalehemu resista, kile kidude cha kupunguza umeme, ya ohm 47 kwa kila upande, nikafunika na mpira wa kubana. Ukipitisha hivyo iyafoni inapata kama robo tu ya volti za mwanzo, sauti inashuka desibeli 12. Hata akifika 30 kwa 30, ile 100 inakuwa kama 88. Nyimbo zote nikazirudisha 89, hapo zimeshuka 9 zingine, tukafika karibu 79 kwa mwisho kabisa wa batani. Ukiifikiria vizuri limiti ya aina hii ni ngumu kuliko ya simu, haina PIN ya kusahau, haina "sawa" ya kubonyeza, na resista mbili ni shilingi chache. Lakini inafanya kazi kwa iyafoni hizo tu, akiazima za mtu mwingine imepotea, kwa hivyo nilifunga rangi nyekundu kwa pini ajue ni gani.

Wiki ya kwanza alilalamika, alisema wimbo uko mbali. Nikamwambia asikilize kukiwa kimya, dirisha limefungwa, masikio yote mawili, na asiongeze kitu siku tano. Kufika wiki ya pili alikuwa anakaa 20 kwa 30 mwenyewe. Hapo pia tulibadilisha zile raba za iyafoni, akapata saizi inayoziba vizuri, juu raba ndogo ikivuja besi inatoroka na mtu anaifukuza na volumu. Kuna iyafoni za kuzima kelele kwa elektroniki, zinasaidia sana kwa mngurumo wa gari, lakini muwe makini, nyingi za bei ya chini zimeandikwa zinakata kelele kumbe ni ya maiki, yule unayempigia ndiye anafaidika, sikio lako hapana.

Kwa wazazi wenye simu za watoto, kwa iPhone hiyo limiti iko kwa upande wa usalama wa hedifoni na inahesabu desibeli, kuanzia 75 hadi 100, lakini namba hiyo iaminike zaidi ukitumia hedifoni za Apple au Beats, zingine inakisia. Limiti ya Samsung inafuata volumu ya simu tu, haihesabu desibeli, asilimia 60 na iyafoni moja inaweza kuwa kubwa kuliko 80 na nyingine. Kwa hivyo ukifunga, ifunge na iyafoni ambayo mtoto atatumia kweli, vaa wewe mwenyewe, mahali pa kimya.

Miezi mitano baadaye alirudi kupimwa. Kushoto bado ni 50 pale kwa 4000, kulia bado iko 25. Hakuna kilichorudi, na hakuna kilichozidi kupotea. Ile nyenje bado iko, usiku anaiwekea redio chini sana ili alale. Mamake akipiga anaweka simu kulia, na wanaongea vizuri.

Mimi kwa kibanda nimerudisha MP3Gain kwa 89 kwa kila mtu, na mteja akidai nguvu namweleza ni kwa nini, wengine wanaelewa, wawili wameenda kwa jirani. Kile bado hakijakamilika ni kwamba kisiagi hicho kina kijana wa pili, wa zamu ya jioni, na kinga iliyonunuliwa ni moja, wanapokezana, na siku ambazo wako wote wawili mmoja anabaki wazi. Nimeagiza ingine, inafika Ijumaa, nitaipeleka mwenyewe.